Klipu haivutwi, inafunguliwa: kutoa pini za plastiki kwenye uvungu wa tairi bila kuzivunja

Mara ya kwanza nilipofungua kava la fenda mwenyewe, niligusa klipu tisa na nikavunja saba. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kubadilisha balbu ya taa ya ukungu, upande wa abiria. Nikashika plaizi, nikabana kichwa cha klipu, nikavuta. Kichwa kikaja na plaizi, kiwiliwili kikabaki kwenye bodi. Nikasema plastiki imechoka, nikahamia ya pili. Vilevile. Nilipomaliza ya saba, fundi mmoja mzee aliyekuwa amekalia ndoo pembeni akashindwa kuvumilia. "Mdogo wangu, hiyo haivutwi. Inafunguliwa." Akaja na kalamu ya wino, akaweka ncha katikati ya klipu ya nane, akasukuma kidogo. Tk. Akaitoa kwa kucha mbili, nzima.

Kava nililifunga kwa waya, nikijiambia nitanunua klipu kesho. Kesho hiyo ikawa wiki, waya ukakatika nikiwa karibu na Chalinze, na nikasimama kando ya barabara nikisikiliza tairi likilamba plastiki. Tangu hapo nimefungua makava mengi, yangu na ya jamaa, na huwa sigusi klipu kabla ya kujua imejifungaje.

Imejifungaje?

Kava la fenda ni ile plastiki nyeusi iliyojikunja juu ya tairi, ndani ya uvungu. Kwenye baadhi ya magari mapya si plastiki bali ni kitambaa kigumu kama zulia. Kazi yake ni kuzuia maji, matope na kokoto zisirukie waya, tangi la maji ya waipa na bati la ndani ya fenda. Limeshikwa kwa klipu, na mara nyingi pia kwa skrubu au bolti chache za namba 10, yaani zenye kichwa cha milimita 10.

Klipu ya kawaida ina vipande viwili. Kuna ganda, lenye kichwa bapa juu na miguu chini. Na kuna pini, inayopita katikati ya ganda. Pini ikikaa mahali pake, inatanua ile miguu upande wa pili wa tundu la bodi. Ni kama mtu aliyeingiza mkono kwenye mtungi wa mdomo mwembamba kisha akakunja ngumi. Ukivuta kichwa pini ikiwa bado imebana, unavuta ngumi. Hapo kitakachokubali kutoka ni kichwa peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza utumie chombo gani, uliza pini hii inaachia kwa njia gani. Mulika taa, sogeza uso, tazama katikati ya klipu. Kuna majibu manne.

Ya kusukuma ndani. Pini iko sawa na uso wa kichwa, laini, mara nyingi ikiwa na kaduara au kashimo kadogo katikati. Ukingoni hakuna pengo la kuingiza ncha ya bisibisi. Utazikuta sana kwenye Toyota na Subaru. Hii unaisukuma pini kuelekea ndani, milimita mbili au tatu tu, mpaka uisikie ikidondoka hatua moja. Simama hapo hapo. Pini ina sehemu nyembamba kiunoni; kiuno kikifika kwenye miguu, miguu inakunjika na klipu nzima inalegea. Ukiendelea kusukuma kwa bidii, pini inapitiliza na kuangukia ndani ya bodi, na utaisikia ikicheza humo kila ukipita tuta.

Ya kuinua. Pini ina kichwa chake kidogo kilichokaa juu ya kichwa cha ganda, na ukingoni kuna pengo moja au mawili. Hayo mapengo yamewekwa makusudi kwa ajili ya ncha ya bisibisi bapa. Honda na Mazda zinazo nyingi. Ingiza ncha kati ya pini na ganda, si chini ya ganda, kisha inua pini mpaka ikwame yenyewe juu. Si lazima itoke kabisa. Ikishakwama juu, miguu imeachia, sasa unaweza kung'oa kitu kizima. Ncha ikiingia chini ya ganda badala ya chini ya pini, umerudi kuvuta ngumi.

Ya skrubu. Pini ina msalaba wa bisibisi ya nyota. Hapa watu wengi hukazana kufungua kama wanafungua skrubu ya chuma, na ndipo msalaba unapolika. Kuna za aina mbili. Moja unaizungusha kinyume cha saa mizunguko michache na pini inapanda taratibu. Nyingine unaizungusha robo mzunguko tu na inaruka juu yenyewe. Jaribu robo kwanza, kwa mkono mwepesi. Ikiwa inazunguka bila kupanda, acha kuzungusha, nitaeleza chini.

Ya mti. Hii ni kipande kimoja, haina pini. Shina lake lina mapezi mapezi kama mti wa Krismasi, yanayokunjika wakati wa kuingia na kukataa wakati wa kutoka. Hii ndiyo pekee inayovutwa kweli, kwa uma wa klipu, na hata ukiitoa nzima mapezi yake huwa yameshachoka. Hesabu kuwa utaweka mpya.

Usiamini sana jina la gari. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika, yakapita gereji mbili tatu huku, na kila fundi aliweka alichokuwa nacho mfukoni. Nimewahi kufungua uvungu mmoja wenye klipu za makabila matatu pamoja na skrubu ya mbao. Kila moja iangalie yenyewe. Na kwenye Volkswagen na ndugu zake unaweza usikute klipu kabisa, bali skrubu za Torx T25, zenye tundu la nyota ya ncha sita. Bisibisi ya nyota ya kawaida hapo itaharibu tundu tu.

Vifaa

Ukiwa na uma wa kutolea klipu, ule wenye ncha mbili kama ulimi wa nyoka, umemaliza nusu ya kazi. Uma wa plastiki hauchubui rangi lakini hupinda kwenye klipu ngumu. Wa chuma una nguvu ila uzungushie tepu pale utakapogusa bati. Ongeza bisibisi bapa mbili ndogo, moja nyembamba kabisa, bisibisi ya nyota namba 2, soketi ya namba 10, plaizi ya kawaida na plaizi ya kukatia. Kwa klipu ya kusukuma, msumari ulioondolewa ncha kwa tupa hufanya kazi vizuri kuliko bisibisi, kwa sababu hautelezi kwenda pembeni. Halafu vitu vinavyosahaulika: mswaki wa zamani, maji ya sabuni, taa ya kichwani, kopo la kuwekea klipu, na miwani. Utakuwa umelala ukitazama juu, na matope makavu ya mwaka mzima yanakusubiri yakuangukie machoni.

Kupata nafasi: huenda huhitaji jeki

Watu hukimbilia kutoa tairi. Kwa kazi nyingi za mbele haina haja. Egesha sehemu ya tambarare, kaza handibreki, weka gia P, au ya kwanza ikiwa ni gari la gia za mkono, zima gari. Kisha kata usukani kuelekea upande wa pili wa uvungu unaoufanyia kazi: unataka sehemu ya mbele ya uvungu wa kushoto, kata kulia mpaka mwisho. Tairi la kushoto litaingiza pua yake ndani na kukuachia pengo la kuingiza mkono hadi nyuma ya bampa. Ukitaka sehemu ya nyuma ya uvungu huo huo, karibu na mlango, kata kushoto.

Tairi likilazimika kutoka, legeza nati zikiwa bado chini, kisha inua. Jeki iwekwe pale penye alama za jeki ukingoni mwa bodi, gari lishuke juu ya stendi, na jiwe au gogo likae kwenye tairi la upande wa pili wa gari. Jeki ya kuzungusha inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi njiani. Usiingize kichwa chini ya gari linaloshikwa na hiyo peke yake, hata kwa dakika moja.

Osha kwanza. Osha kweli.

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu klipu nyingi zinazoitwa mbovu zimejaa udongo tu.

Fikiria klipu ya kusukuma. Ili iachie, pini lazima iingie ndani milimita mbili. Lakini uvungu wa tairi unarushiwa tope kila siku, tope linaingia kwenye kila mwanya wa klipu na kukauka. Udongo mwekundu wa Arusha, au ule mweusi wa mfinyanzi wa pembeni mwa Nairobi, ukikauka unakuwa kama saruji. Sasa pini inasukumwa lakini haina mahali pa kwenda. Mtu anaongeza nguvu, kichwa kinapasuka, anasema plastiki ya siku hizi haifai.

Mwagia maji ya sabuni, subiri dakika kumi, piga mswaki kwa kuzunguka, mwagia tena. Ukiwa na mashine ya presha, pulizia kwa mbali na kwa mshazari, usielekeze kwenye viungio vya waya. Baada ya hapo chokonoa ukingo wa pini kwa ncha ya sindano au kijiti cha meno mpaka uone mstari mweusi ukizunguka duara lote. Mstari huo ukionekana, pini na ganda vimeachana, na kazi iliyobaki ni ya kidole.

Pwani hali ni tofauti kidogo. Mchanga wa Dar au Mombasa haugandi kama mfinyanzi, unatoka kwa maji tu. Lakini chumvi inakula zile bolti za namba 10 zilizo jirani na klipu. Zipulizie mafuta ya kulegezea kutu mapema, uende ukaendelee na klipu, urudi baadaye.

Jambo jingine ni joto. Plastiki ya klipu, ambayo mara nyingi ni nailoni, hukakamaa kwa miaka ya jua na joto la injini. Asubuhi ya baridi kule nyanda za juu inavunjika haraka zaidi. Maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, yanailainisha. Kiberiti na tochi ya gesi viache nyumbani: jirani ya klipu kuna waya, kuna kava lenyewe, na vyote vinashika moto.

Kutoa

Piga picha za uvungu mzima kwanza, kisha za karibu. Picha zitakuonyesha jambo ambalo hutalikumbuka saa ya kufunga: ukingo gani wa kava ulikuwa nje na upi ulijichomeka nyuma ya bampa.

Kisha hesabu. Pitisha vidole kuzunguka ukingo wote, maana kuna klipu ambazo macho hayazioni: chini ya bampa zikitazama ardhi, mwisho kabisa karibu na mlango, na nyuma ya lile tambara la mpira la kuzuia matope ikiwa gari linalo. Tambara hilo hutolewa kwanza. Kava likigoma baada ya kutoa zote, ipo moja hujaiona. Usilivute kava, tafuta.

Anza na klipu iliyo rahisi kufikiwa, si ile uliyoiona ya kwanza. Unataka ujifunze tabia yake ukiwa umekaa vizuri. Achilia pini kwa njia yake, kisha ingiza uma chini ya kichwa cha ganda na uinue kwa kuzunguka, kidogo huku, kidogo kule, kama unavyofungua kopo la rangi. Ukiinua upande mmoja tu, kichwa kinapinda na mguu mmoja unavunjika. Klipu ikitoka, ikague miguu, itumbukize kwenye kopo. Ikiwa ni ya kusukuma, irudishe pini papo hapo: isukume kutoka chini mpaka kichwa chake kitokeze juu. Ukiiacha hivyo hivyo, saa ya kufunga utasahau na kuishangaa kwa nini haishiki.

Klipu za juu kabisa, katikati ya tao, ziache za mwisho. Zenyewe zinabeba uzito wa kava, na ukizitoa mapema kava litakushukia usoni huku likivuta zilizobaki.

Kama unachotafuta ni balbu au pampu ya maji ya waipa iliyo mbele ya tairi, huna haja ya kutoa zote. Fungua nusu ya mbele, likunje kava kuelekea tairi, lizuie kwa kipande cha mbao. Plastiki inakunjika vizuri. Ile ya kitambaa huchanika kwenye matundu, ikunje kwa huruma.

Zinazogoma

Ya skrubu inayozunguka bila kupanda: nyuzi zake zimelika, au ganda zima linazunguka pamoja nayo. Ingiza bisibisi bapa nyembamba chini ya kichwa cha pini, inua kwa mkono mmoja huku ukizungusha kinyume cha saa kwa mwingine. Kinachokosekana ni mvuto wa juu tu, nyuzi zitashika. Ganda likiwa ndilo linalozunguka, libane ukingoni kwa plaizi.

Msalaba uliolika usihangaike nao. Chonga mfereji kwa kisu chenye joto kidogo tu, au achana nao na uinue pini kama ya aina ya pili.

Ya kusukuma ambayo imeoshwa na bado haiingii: weka msumari katikati, gonga kwa mpini wa bisibisi, pigo moja jepesi. Nyundo hapana.

Iliyokataa kabisa inakatwa. Plaizi ya kukatia iingie chini ya kichwa, kata, kisha sukuma mabaki yaangukie ndani. Kama plaizi haifiki, toboa katikati ya pini kwa drili yenye ncha ya milimita 4, mwendo wa polepole, na usimame mara tu plastiki inapoanza kulegea. Nyuma ya bati hilo kunaweza kuwa na waya. Mabaki yaokote kadiri unavyoweza, kwa sababu vipande vikienda kuziba matundu ya kutolea maji chini ya bodi, maji ya masika yatakaa humo na kutu itaanza bila wewe kuiona.

Na usione aibu kuvunja. Kwenye gari la zamani, ukiokoa klipu saba kati ya kumi umefanya vizuri.

Kununua nyingine

Nenda na klipu ya zamani mkononi. Gerezani kule Kariakoo, au Grogan kule Nairobi, ukitaja tu "klipu ya fenda" utapewa yoyote. Lakini usipime klipu peke yake, pima tundu la bodi. Matundu mengi ni kati ya milimita 6 na 10. Klipu ya 7 kwenye tundu la 8 itaingia kwa raha na kutoka kwa raha zaidi, pengine kabla hujafika nyumbani. Angalia na urefu wa shina: lazima lipite unene wa kava, na pengine wa bampa pia, kabla miguu haijatanuka. Kwa Toyota, namba za spea zinazoanza na 90467 ni za klipu, na 52161-02020 ni klipu ya bampa inayojulikana sana. Muuzaji anayejua kazi ataelewa ukizitaja.

Tundu la kava lenyewe likiwa limepanuka, tafuta klipu yenye kichwa kipana, au weka washa ya plastiki chini yake. Kamba za plastiki za kukazia zinakubalika kwa siku chache. Skrubu za bati sizitaki: zinachubua rangi ya tundu, kutu inaanzia hapo, na ncha yake inabaki imetokeza upande wenye waya. Kuhusu waya wa kufungia, nimeshakusimulia habari za Chalinze.

Kurudisha

Futa bodi na kava pale vinapokutana. Punje ya mchanga iliyobanwa katikati itakusumbua kwa mlio kila siku. Chomeka kingo zilizokuwa nyuma ya bampa kama picha inavyoonyesha. Kisha weka klipu ya juu kabisa kwanza, pini ikiwa imetokeza, ganda likae bapa kwenye kava, ndipo usukume pini mpaka iwe sawa na uso. Isipite hapo. Ya kuinua inabonyezwa vilevile. Ya skrubu inabonyezwa tu, haizungushwi.

Weka zote bila kuzifunga, sawazisha kava, halafu ndipo ufunge moja moja. Ukifunga upande mmoja wote kwanza, matundu ya mwisho hayatakutana na utaanza kulazimisha. Bolti za namba 10 zikazwe mwisho, kwa kiasi, maana nyingi zinaingia kwenye nati nyembamba.

Ikiwa ulitoa tairi, nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha ya mkabala wake, gari likiwa limeshuka. Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103 kwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza.

Sasa kata usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, huku ukiangalia kama tairi linagusa popote. Sukuma kava kwa kiganja kila upande. Pasiwe na sehemu inayopumua. Endesha kilomita moja, dirisha likiwa wazi, redio imezimwa, pita tuta moja au mawili. Ukisikia mlio kama wa karatasi ikikwaruzwa, mara nyingi ni ukingo wa chini nyuma ya bampa uliobaki nje badala ya ndani. Na baada ya mvua kubwa ya kwanza, pitisha mkono tena kwenye klipu mpya: ile iliyokuwa ndogo kuliko tundu itakuwa imeshaanza kutokeza.